Betri ya trela imefika Karatu imejaa!

Leo nimevuta trela ya kambi kutoka Arusha hadi Karatu, friji imesheheni nyama na maziwa ya wageni.

Safari zilizopita alteneta (jenereta ya injini inayochaji betri) ilitoa volti 14.2, lakini kwenye trela zilifika 13 tu. Waya mrefu na mwembamba hula umeme njiani. Betri haijai hivyo, hata uendeshe kutwa nzima.

Jana fundi alivuta waya mnene, akaweka fyuzi kila upande, na chaja ya kupandisha volti karibu na betri yenyewe.

Tumefika, nikapima betri ya trela, injini ikiwa bado inaunguruma: volti 14.4!

Nimeikodolea macho ile namba mpaka wageni wakaniuliza kuna nini.

Madereva wenzangu mnaovuta trela, zenu mmezifungaje?