Sahani mbili za Diwali, hapa Leicester

Wiki hii, kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa hapa, mtu mzima mwenye heshima zake katuma sauti ndefu akituonya tusipokee vyakula vya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kutoka kwa Wahindi, kwa kuwa vimetolewa kwa sanamu, na wenyewe eti hawatupendi. Nimeisikiliza mpaka mwisho na imeniuma sana.

Jirani yangu, tunayeshirikiana naye ukuta, ni bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Jinja, Uganda. Mtaa mzima tunamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati. Nilipohamia nyumba hii, kabla Mtanzania yeyote hajanitembelea, yeye ndiye aliyepiga hodi, akauliza kama nimekula, kwa Kiswahili. Kiswahili chake ni cha dukani na jikoni, na zaidi ya miaka 50 ya Uingereza haijakitoa ulimini.

Diwali ya mwaka 2025 ilikuwa Oktoba 20. Jioni Ba akaja na sahani mbili za chuma zimefunikwa foili. "Humu mnakaa watu wengi, dini zenu sizijui zote," akasema. "Hii imepita mbele ya mungu wetu Lakshmi, ni prasad, chakula cha sadaka. Hii nyingine haijapita popote, nimeitoa jikoni moja kwa moja. Jinja jirani zetu walikuwa Waislamu, mama yangu alikuwa anatenga hivi hivi. Chukua ile moyo wako unakubali, mwanangu, mimi sikasiriki." Mimi ni Mwislamu, nikachukua ya jikoni. Ilikuwa na chakri bado za moto, chevda, barfi, na ghughra, vile vya umbo la nusu mwezi vyenye suji na iliki ndani. Sasa mtu anayetupikia kwa kuilinda dini yetu namna hiyo, tumwite adui?

Nyumbani Diwali tuliiona kwa nje. Fataki za Upanga na Kisutu, maduka yamefungwa, basi. Kwa Ba nimeona ndani. Siku ya Dhanteras, inayofungua sikukuu, wananunua dhahabu, au hata sufuria mpya kwa asiyeweza. Siku ya Kali Chaudas, inayofuata, wanakaanga vada, aina ya bajia, na wazee wengine bado wanaenda kuziacha njia panda ili ugomvi wa mwaka mzima ubaki huko, usirudi nyumbani. Kwetu chakula njia panda mnajua kingezua maneno gani. Usiku wa Diwali wenyewe ni usiku usio na mwezi. Nyumba imesuguliwa, mlangoni kuna rangoli ya unga wa rangi na nyayo ndogo za Lakshmi zilizochorwa zikielekea ndani, taa za udongo zina utambi wa pamba na samli. Lakshmi ndiye wa neema na riziki, na nyumba chafu au yenye giza haingii.

Kwa wafanyabiashara usiku huo ndio wa daftari. Daftari jipya la hesabu linawekwa mbele ya Lakshmi, linaombewa, ukurasa wa kwanza unaandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Mtoto wa Ba kaweka kompyuta yake ya mpakato pale pale, kwa sababu hesabu za duka ziko humo. Mwaka mpya wa Kigujarati ulianza Oktoba 22, mwaka 2082 wa kalenda yao. Vijana huinama kugusa miguu ya wazee, hupewa baraka na pesa. Wengi hufungua biashara rasmi siku ya tano, Labh Pancham. Wale waliokuwa wanagonga mlango wa duka la jumla wiki hiyo bila jibu, sababu ni hiyo.

Hadithi inayosimuliwa sana ni ya Rama, mwana wa mfalme, aliyeishi uhamishoni miaka 14, mkewe Sita akatekwa na mfalme wa mashetani, Ravana, akampigania mpaka akamrudisha. Walipokuwa wanarejea mji wao wa Ayodhya watu wakawasha taa. Ba aliponisimulia alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Rama alirudi kwake. Sisi hatukurudi."

Mnajua ya Uganda, Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Familia ya Ba ilitoka na masanduku na vipaundi vichache. Septemba mwaka huo baraza la jiji la Leicester lilitangaza kwenye gazeti la Uganda Argus, likiwasihi wasije huku. Walikuja. Waliingia viwandani, na mwaka 1974 wengi wao waligoma kwenye kiwanda cha Imperial Typewriters wakidai haki sawa na wazungu. Leo jiji lile lile linapamba Belgrave Road kwa maelfu ya taa kila Diwali, na watu wanatoka miji ya mbali kuja kuziona. Hawa ni watu wa kwetu. Walifukuzwa kwetu, na bado wananikaribisha kwa lugha ya kwetu.

Kwa mnaouliza kuja: kazi ya kulea wazee, ninayofanya mimi, serikali ya Uingereza imefunga viza zake kwa wanaotoka nje tangu Julai 2025. Dalali anayekuuzia nafasi hiyo sasa ni mwizi, usimpe hata shilingi. Aliyepata njia nyingine halali ajiandae kwa baridi na bili ya gesi, na asije akitegemea kundi la WhatsApp pekee. Salimia jirani siku ya kwanza. Mihogo, ndizi mbichi, unga wa sembe, vyote viko kwenye maduka ya Belgrave, na muuzaji mzee ukimwambia "shikamoo" huenda akakujibu "marahaba" na kukuongezea pilipili bure.

Asiyetaka kula, asile, ni haki yake, na Ba amelielewa hilo kabla yetu. Ila mlango afungue, ashukuru. Diwali ya 2026 ni Novemba 8, Jumapili. Nimeshamwomba Ba anifundishe kukaanga chakri, na anayetaka kuja naye aniandikie, jiko lake linatosha watu watatu.