Siku moja maishani mwangu: mwigizaji wa Mji Mkongwe

Saa 12 asubuhi nimeshasali, nimeshakunywa chai kwa mkate wa mofa, niko kwenye daladala kuelekea Darajani. Saa 1 nimekaa kwenye kiti cha vipodozi. Saa 2 nimeshavaa.

Kwa miaka nilikuwa nikipewa nafasi za kulia msibani na kugombana na mawifi. Hii ni nyengine. Ni filamu ya kutisha isiyo na jini wala panga: mwanamke anapokewa na mume aliyerudi kutoka Muscat, sura ile ile, sauti ile ile, naye ana yakini kuwa huyu siye. Madaktari wa akili wanaijua hali hiyo. Inaitwa Capgras, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1923. Niliisoma kabla ya kukubali, maana sikutaka mgonjwa nimgeuze kichaa wa vichekesho, nywele timtim.

Saa 3 tukaanza tukio la kahawa. Katika hadithi, mume wangu alikuwa akishika finjani kwa vidole viwili. Huyu anaikumbatia kwa kiganja. Mimi namimina, naiona ile mikono, na hofu yote iishie kwenye macho. Sisemi neno. Kwenye filamu tukio hilo halifiki dakika mbili.

Pikipiki ikapita uchochoroni na honi yake. Tukarudia. Dele likapoa, na kahawa lazima ifuke kama mwanzo, ijae pale pale, la sivyo picha zikiunganishwa itapanda na kushuka yenyewe. Ikaadhiniwa adhuhuri, tukasimama tukasali. Tuliporudi, bwana mmoja amekaa kwenye baraza chini ya dirisha letu, anazungumza na simu kwa sauti ya kuvusha bahari. Kijana wetu akamwendea kwa adabu: "Shikamoo mzee, tunaomba dakika tano tu, tunarikodi." Akajibu, nami nasikia juu: "Kwani hiyo nayo kazi? Si mnaigiza tu!" Akaendelea na simu yake.

Nikanyamaza. Ningejibu ningekasirika, na hasira ikishaingia usoni hofu hairudi. Na mwili haujui kama ni maigizo: moyo unakwenda mbio kweli, mabega yanakaza, kichwa kinagonga. Kila mwongozaji akisema "tena", naogopa upya tangu mwanzo, na mwenzangu anayecheza mume anapaswa kunitazama kwa mapenzi yale yale.

Alasiri ikapita. Mzee akaondoka, sijui saa ngapi. Mwanga wa dirishani ukawa unakimbia, nikamimina, nikaona ile mikono, na chumba kizima kikanyamaza hata baada ya "kata". Mtu wa sauti akavua vifaa vyake vya masikioni, akaitikia kwa kichwa: tumeipata. Kazi hiyo naijua, na nataka siku moja ionekane Ngome Kongwe kwenye ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar.

Usiku nyumbani sisugui mikono. Piko, ile rangi nyeusi niliyochorwa mikononi, lazima libaki vile vile, kesho alfajiri tunapiga tukio la ngazi kabla pikipiki hazijaanza.