Na mimi nimo?

Swali la Mama Mkubwa limenikaa kifuani tangu Jumapili. Nimemsimulia mume wangu mpaka ameanza kulimalizia yeye kabla sijafika mwisho, nimemsimulia mdogo wangu wa Sakina, na jana usiku, badala ya kusoma, nikawa nimekaa na kompyuta mbele yangu nikilirudia kichwani kwa sauti yake ileile ya taratibu. Wiki yenyewe ilikuwa na mambo makubwa: pendekezo langu la utafiti limepita mbele ya jopo, barua ya posa ya kitinda mimba wetu imepokelewa, na ofisini tumeletewa meneja mpya. Hayo yatasubiri.

Mnaofuatilia hapa tangu posti ya kahawa mnamjua Mama Mkubwa wangu wa Kibosho. Nilipanda kwake baada ya misa ya pili, nikamkuta uani anamenya ndizi za machalari, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Nilimwamkia, nikavuta kigoda, nikachukua kisu. Akaniuliza kama bado ninakwenda Arusha kila Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Nikamwambia wikiendi hii tumepewa mapumziko. Ndipo akauliza ninachosomea hasa, maana kila akiulizwa na wenzake wa jumuiya anawaambia "biashara", na wao wanamwuliza kama nitafungua duka.

Nikamweleza hivi: "Ni uchanganuzi wa data za biashara, Mama Mkubwa. Sasa hivi naifundisha kompyuta. Naipa mikopo yote ya zamani ya chama chetu cha akiba na mikopo, inaangalia nani alilipa vizuri na nani alisumbua. Akija mtu mpya kuomba, inatuambia huyu ana dalili za kulipa, huyu ana dalili za kusumbua."

"Mikopo ya zamani ya nani?"

"Ya wanachama waliokopa."

"Na mimi nimo?"

"Hapana, Mama Mkubwa. Wewe hawakukupa."

Akamenya ndizi, akaitia kwenye maji, akachukua nyingine. Hakunitazama. Kisha akasema: "Sasa mimi niliyenyimwa, itajuaje kama ningelipa?"

Nikasema, "Hilo nitawauliza walimu." Akaitikia "Haya," akaniomba nimsogezee sufuria. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbolea.

Kinachonirudia zaidi si lile swali la mwisho. Ni "Na mimi nimo?" Aliliuliza kwa matumaini kidogo, kama mtu anayeuliza kama jina lake limesomwa kanisani. Nami nilimjibu haraka, kwa sauti ya dirishani kazini, ile ninayomjibia mtu ambaye fomu yake haina sahihi ya mdhamini wa pili. Nimejaribu kulipanga jibu hilo upya kwa kila namna na sioni namna ambayo lingekuwa jepesi kwake, kwa sababu ukweli wenyewe ni mzito.

Wengine hamjui habari hii, kwa hiyo niiseme mara moja. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kilipogawanywa, yaliyosomwa ni majina ya wajomba. Alipofiwa na mume, kihamba anachokilima kilibaki kwa jina la shemeji yake. Mwaka niliochaguliwa kuingia kidato cha tano alikwenda mjini, kwenye chama hikihiki ninachofanyia kazi leo, kuomba mkopo wa kuongeza mtaji wa ndizi. Hisa alikuwa nazo, akiba alikuwa nayo, na utaratibu ulikuwa mwanachama anaweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake. Lakini hati hana, na mdhamini mmoja alijitoa dakika za mwisho. Akarudi mikono mitupu. Ada yangu ikalipwa na mchezo wa kupeana fedha kwa zamu wa wanawake wa sokoni Kiboriloni. Kijumbe wao yupo hai mpaka leo na atawaambia mwenyewe kwamba Mama Mkubwa hakukosa mzunguko hata mmoja, hata ile miezi ambayo mnyauko uliingia kwenye migomba yake.

Kwa hiyo mimi ninajua kwamba angelipa. Kompyuta yangu haijui, na haina mahali pa kulijua hilo.

Hapa naomba mnivumilie niingie darasani kidogo, maana ndiko roho yangu iliko siku hizi. Modeli ninayoijenga, yaani ile hesabu ya kompyuta ya kukisia nani atalipa, ni regresheni ya lojistiki. Ni mbinu ya zamani, mwanatakwimu David Cox aliiandikia makala mwaka 1958, na bado ndiyo wakopeshaji wengi duniani wanaianzia, kwa sababu unaweza kumweleza mjumbe wa kamati kwa nini fulani amepata alama ndogo. Unaipa mambo unayoyajua kuhusu mwombaji: umri wa uanachama, akiba, kiasi anachoomba, dhamana, biashara yake. Inakurudishia uwezekano, namba kati ya 0 na 1. Muhula uliopita nililala na kuamka na hesabu hizo. Nilijifunza mapema kutoamini usahihi wa jumla: ukiwa na wakopaji 100 na 8 kati yao ndio wasiolipa, modeli inayosema "wote watalipa" itakuwa sahihi kwa asilimia 92 na haitakuwa imekusaidia chochote. Nilijifunza kuitenga sehemu ya data ili modeli isifanyiwe mtihani kwa maswali iliyokariri. Niliondoa majina na namba za simu kabla ya kugusa chochote, maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na mimi naiheshimu kwa moyo wote. Yale ni madeni ya watu ninaosali nao.

Na baada ya kazi yote hiyo, mwanamke mwenye kisu cha ndizi anauliza swali moja na nyumba nzima inatikisika. Modeli yangu inawajua waliopita mlangoni tu. Wajane wasio na hati waliomo kwenye data yangu ni wachache, na wachache hao walipewa kwa sababu kuna mjumbe aliyewafahamu na kuwasemea. Walilipa vizuri. Sasa modeli ijifunze nini hapo? Ikisema asiye na hati ni mlipaji mzuri, imewaangalia wale waliochujwa kwa jicho la mtu. Ikisema haina ushahidi wa kutosha, waliokuwa nje watabaki nje, na safari hii tutawaambia kompyuta ndiyo iliyosema. Nilikuwa nalifikiria hilo la pili Jumatatu na Jumanne nzima, na lilinisononesha kweli. Nani atabishana na kompyuta? Mama Mkubwa aliweza angalau kumwona usoni karani aliyemnyima.

Wasipopata kwetu wanakwenda wapi, mnajua. Wanakwenda kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa. Nawaona pale stendi asubuhi wakijificha kwa wakusanyaji wa marejesho ya kila siku. Wengine wanakopa kwenye simu, na huko nako wanapimwa na modeli, kwa miamala yao. Mwenye miamala mingi anaonekana, anayeuza ndizi kwa fedha taslimu haonekani.

Jumatano usiku nilimwandikia msimamizi wangu. Sikumwandikia kwa lugha ya chuo. Nilimwandikia maneno ya Mama Mkubwa kama yalivyo, ndizi na sufuria nimeziacha humohumo. Akajibu kabla sijalala: "Huyo mama amekukabidhi tasnifu yako." Chini yake akaweka jina la mchumi James Heckman na mwaka wa makala yake, 1979.

Nimesoma hadi macho yameuma. Heckman alikuwa anahangaika na mishahara ya wanawake. Unataka kujua mwanamke angelipwa kiasi gani, lakini mshahara unaouona ni wa wale walioajiriwa tu. Aliyebaki nyumbani hana mshahara wa kuandikwa, na wala hakubaki nyumbani kwa bahati nasibu. Ukiwahesabu walioajiriwa peke yao ukadhani umewahesabu wanawake wote, namba zako zinapinda. Akapendekeza hesabu ya hatua mbili: kwanza uandike jinsi mtu alivyoingia au kuachwa nje ya data, kisha hesabu hiyo ya kwanza uitumie kunyoosha ile ya pili. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa kazi za aina hiyo. Niliposoma mfano ule wa wanawake nilisimama, nikazunguka sebuleni, nikaenda kumwamsha mume wangu. Masikini aliamka kweli, akasikiliza.

Alhamisi nikamwomba mtunza kumbukumbu funguo za stoo. Zipo. Fomu zote zilizokataliwa zipo, kwenye maboksi ya karatasi za fotokopi, zimefungwa kwa kamba za katani kwa miaka. Hakuna aliyewahi kuziingiza kwenye mfumo kwa sababu mfumo unaanza na namba ya mkopo, na aliyekataliwa hana namba ya mkopo. Umri umo, akiba imo, biashara imo, kiasi alichoomba kimo, tarehe ya kikao cha kamati imo. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu, kama angelipa. Vumbi lilinitoa machozi na chafya, lakini sijawahi kuwa na furaha ya namna ile nikiwa kazini. Fomu ya Mama Mkubwa sikuitafuta. Imo humo mahali fulani na sababu imeandikwa na mtu ambaye bado tunasalimiana naye kila asubuhi, sitaki kuisoma.

Mbinu ya Heckman inadai uwe na kitu kinachoathiri kukubaliwa kwa mtu lakini hakihusiani na kulipa kwake. Nilikipata nikiwa bado nimekaa juu ya boksi. Januari! Januari kila mzazi anakopa ada, mfuko unakauka, na kamati inawakataa watu ambao ingewakubali mwezi wa nane. Tarehe zipo, salio la mfuko la kila mwezi lipo kwenye taarifa za ukaguzi. Nikampigia Dokta, msimamizi wangu, palepale stoo. Alifurahi, kisha akaniwekea mwiba: anayekopa Januari kwa ada si sawa na anayekopa Agosti kununua mahindi ya kuhifadhi, kwa hiyo mwezi wenyewe huenda unabeba habari za ulipaji pia. Ni kweli. Itabidi nilinganishe wenye lengo moja la mkopo, miezi yenye fedha na miezi mikavu. Itachukua muda na sijali.

Nataka pia niliseme hili wazi, maana kuna mwenzangu wa kozi alinikunjia uso: sidai kwamba wote walionyimwa wangelipa. Wengine wasingelipa, na fedha za chama ni jasho la wanachama, wakiwemo akina Mama Mkubwa wengine. Njia safi kuliko zote ingekuwa kuchagua kwa kura baadhi ya wanaokaribia mstari wa kukataliwa, kuwapa mikopo midogo, na kuona. Nitaipeleka kwenye kamati kama pendekezo na najua mwenyekiti atasema nini. Nitaipeleka hivyohivyo. Ninachotaka ni kwamba fomu zile ziingie kwenye hesabu, ili siku modeli hii ikikaa dirishani iwe imewahi kusikia habari za watu wa aina ya Mama Mkubwa.

Jana jioni nilimpigia. Shikamoo, marahaba, habari za migomba. Nikamwambia, "Mama Mkubwa, lile swali lako nimelifikisha chuoni, na wamesema ni swali kubwa."

"Lipi?"

Nikamkumbusha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Eeh. Sasa nyanya zangu zinakauka majani kutokea chini, hebu niulizie dawa hapo mjini." Nikamwahidi dawa. Nilikata simu nikicheka na bado nina furaha ninapoandika, kwa sababu yeye jambo hili alishalimaliza zamani kwa mikono yake, na la kulihangaikia sasa ni la kwangu.

Nilitaka kuendelea na habari ya posa lakini siwezi kutulia. Dada wa kazi aliaga kwenda msibani kwao Singida, akanitumia ujumbe akiwa amefika Babati, na tangu hapo simu yake haipatikani. Mume wangu anasema ni chaji tu, kijijini kwao umeme haujafika. Huenda. Lakini alisafiri peke yake na basi liliondoka kwa kuchelewa, na mvua za upande ule tunazisikia. Namba ya mjumbe wa kwao ninayo mahali kwenye daftari la jikoni; nikimaliza kuwalaza watoto naitafuta, na asipopokea nitampigia tena alfajiri kabla ya kwenda kazini.