Panchi ya nanasi, sukari pembeni

Bagamoyo, Desemba 27

Ugomvi wa sherehe za kwetu haujawahi kuwa nyama. Nyama hugawa shangazi, na mbele ya shangazi hakuna mwenye mdomo. Ugomvi ni soda. Huyu anataka nyekundu, yule kanyang'anywa ya machungwa, mwingine kafungua ya kwake, kanywa nusu, kaiacha juani inzi waogelee. Ukijumlisha kreti, na chupa zilizovunjika ambazo mwenye duka hazisahau, unakuta umemaliza hela ya mbuzi mdogo kununua maji ya sukari. Krismasi hii nikasema natengeneza panchi ya matunda, ndoo moja, kila mtu anywe humo humo.

Ndiyo, Krismasi, ndani ya nyumba ya Waislamu. Kaka kaoa Moshi, na kwa kawaida Desemba ikifika wifi hupanda basi na wanawe kwenda kuhesabiwa kama Wachaga wenzake. Mwaka huu nauli na ada za Januari ziliwabana, wakabaki, wazazi wake ndio wakashuka. Asubuhi ya tarehe 25 wakaenda kusali Misheni, kule kwa mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika hapa mwaka 1868. Sisi tukabaki na pilau. Walipotoka kanisani tukala pamoja, na hakuna aliyeona ajabu. Bagamoyo imezoea.

Ila bibi alikuwa na sharti. Aliwahi kualikwa harusini Dar akawekewa glasi ya kitu chekundu chenye vipande vya matunda, akanusa, akakirudisha. Tangu siku hiyo neno panchi likitajwa yeye huinua kichwa.

"Hiyo yako haina kitu?"

"Haina, bibi."

"Na haitachachuka?"

Swali la pili ndilo la maana, kwa sababu mtu anaweza asitie tone la pombe na bado akawanywesha watu kileo. Nanasi lina sukari nyingi, na maganda yake yana hamira ya asili. Yaloweke maganda mabichi kwenye maji yenye sukari, yaache jikoni kwa joto letu hili la Desemba, siku mbili tatu utaona povu juu na utasikia harufu ya kuchachuka. Mexico wanafanya hivyo makusudi na kinywaji chao wanakiita tepache. Kwa meza ya bibi haifai. Kwa hiyo mimi siloweki, nachemsha. Moto unaua hamira, nikiipua napoza haraka na kuweka kwenye friji, na inanyweka kesho yake. Nilipomweleza akasema haya, lakini aonje yeye kwanza.

Sasa mananasi. Kiwangwa iko kwenye barabara yetu ya Msata, na msimu huu pale kandokando ya lami wauzaji wamepanga mananasi mafungu kwa mafungu mpaka gari linapunguza mwendo lenyewe. Kaka alikuwa anatoka huko, nikampa maagizo kama karani wa bandari: anuse kitako. Nanasi lililoiva linanukia chini, kwenye kitako, kabla hata hujalikata. Likinukia siki limepitiliza. Lisiponukia chochote, hata liwe limependeza vipi, liache. Rangi ya ganda inadanganya, yapo ya kijani yaliyoiva na ya njano yaliyovunwa yakiwa machanga.

Muuzaji atakwambia chukua tu dada, hilo linaivia nyumbani. Haliivii. Embe ukilivuna limekomaa linaendelea kuwa tamu kwa sababu lina wanga ndani ambao unageuka sukari. Nanasi halina akiba hiyo. Likikatwa shambani utamu wake umeishia hapo. Litalainika na litageuka njano, lakini utamu utabaki ule ule. Machungwa nayo ni vivyo hivyo, na hapa niwatetee wauza machungwa wetu: chungwa la pwani kuwa na ganda la kijani si dalili kwamba ni bichi. Rangi ya njano inataka usiku wa baridi, na baridi hiyo sisi tunaitoa wapi?

Kaka alileta mananasi matano ya wastani, na la sita alilolila njiani. Nikayasugua kwa brashi na maji ya bomba yanayotiririka, maana ganda linaingia kwenye sufuria na shamba limepulizwa dawa. Nikamenya, nyama nikaiweka friji, maganda na ile mioyo migumu ya katikati nikavitia kwenye sufuria kubwa na maji lita tatu na nusu. Tangawizi mbichi kipande kama cha kidole gumba mara mbili, nikaitwanga kwenye kinu bila kuimenya. Vijiti viwili vya mdalasini, iliki kama kumi nikazipasua, karafuu sita. Karafuu usizidishe. Nawajua watu wa pwani tulivyo na karafuu, lakini ikizidi hapa panchi inanuka kama dawa ya jino. Ikachemka moto mdogo kama dakika arobaini, nyumba nzima ikanukia, watoto wakaanza kuzunguka mlango wa jikoni wakiuliza ni kaimati.

Ukichuja unapata kama lita tatu za maji ya rangi ya chai nyepesi. Hayo ndiyo panchi yenyewe, mengine yote ni nyongeza. Wengi wanaotengeneza kinywaji hiki wanaanzia kwenye pakiti za juisi za dukani, wanachanganya tatu nne, wanamwaga soda, basi. Siwalaumu, ni rahisi, na mtu mwenye wageni hana muda. Lakini juisi za pakiti zote zina utamu mmoja, ukichanganya tatu unapata utamu huo huo mara tatu. Ukiwa na maji haya ya maganda yenye viungo, hata ukiongeza matunda mawili tu, mnywaji atahisi kuna kitu na hatajua ni nini. Na maganda ni bure.

Nyekundu niliipata kwenye choya, yaani rozela. Pale sokoni wanauza iliyokaushwa. Viganja viwili kwenye lita moja na nusu ya maji yaliyochemka, funika, acha robo saa, chuja. Kuna wanaoinywa wakiamini inaongeza damu, mimi niliitaka kwa uchachu na kwa rangi, kwa sababu watoto hunywa kwa macho. Ukiikamulia ndimu, wekundu wake unang'aa zaidi, kwani rangi ya choya hupenda uchachu. Wifi alikuwa kasimama nyuma yangu wakati nafanya, akasema ni kama mazingaombwe, nikaikamua tena pole pole ili aone vizuri.

Usiku wa 24 kazi ikawa imeisha, na kwangu huo ndio wepesi wa kinywaji hiki. Kwenye sherehe, asubuhi ya siku yenyewe jiko si lako. Jiko ni la pilau na la watu wanaojua zaidi yako. Mtu anayeanza kumenya mananasi saa nne asubuhi wakati masufuria yanapishana mlangoni anajitafutia maneno. Mimi tarehe 25 nilihitaji blenda, chujio, upawa na kona moja ya meza.

Nyama ya mananasi nikasaga bila maji, nikachuja kwenye chujio la tui, nikapata karibu lita tatu. Nanasi moja sikulisaga lote, kipande nilikikata vidogo vidogo vya kuelea. Machungwa nikakamua lita moja kwa mkono, kwani blenda inasaga mbegu na kutia uchungu. Ndimu nane. Maembe nilikuwa nayo, dodo zuri kabisa, lakini nikalikata vipande tu, sikulisaga. Embe likisagwa linafanya panchi nzito kama uji, na kinywaji cha kunywa na pilau hakitakiwi kiwe chakula cha pili. Ndizi na parachichi visikaribie ndoo, vitageuka kahawia kabla mgeni wa kwanza hajakaa. Tikiti maji ni maji tu. Na anayetaka kutia maziwa ili iwe na rangi ya waridi, asitie. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, ukiacha kidogo inakuwa chungu. Ndicho kile kile kinachokuwasha ulimi ukila nanasi jingi.

Yote nikayatia kwenye ndoo ya lita kumi, safi, yenye mfuniko na bomba. Chumvi ncha ya kijiko. Soda ya tangawizi, lita moja, ilibaki friji mpaka wageni wanakaa. Soda inaingia mwisho, ikiwa baridi, kwenye panchi iliyo baridi, na unaimimina ukingoni taratibu, kwa sababu gesi hushikana na kinywaji baridi na hukimbia kwenye cha moto. Ukiitia saa mbili kabla, umenunua gesi ya kuwapa mbu.

Nikaonja. Hapakuwa na sukari hata punje, nje ya ile ya kwenye soda.

Shangazi naye akaonja. "Hii umesahau sukari."

"Sikusahau, shangazi. Ipo pembeni."

Nilikuwa nimechemsha sukari nusu kilo na maji nusu lita, ikawa shira nyepesi, nikaiweka kwenye jagi na kijiko karibu na glasi. Shira inachanganyika palepale. Sukari ya punje kwenye kinywaji baridi inazama chini, wa mwisho kunywa anakunywa yote peke yake. Shangazi akaniangalia kama niliyewawekea wageni wali na chumvi mkononi. Kwake, kumpa mgeni kitu kisicho kitamu ni kumwambia karibu huku umeziba mlango. Namwelewa. Amekulia wakati sukari ilikuwa ya foleni, na chai ya mgeni ilipimwa heshima kwa vijiko. Mimi nimekulia wakati mwingine. Kwenye mkeka ule ule wa juzi kulikuwa na mjomba mwenye kisukari, mama mkwe wa kaka mwenye kisukari, na jirani ambaye hajapima lakini sote tunajua. Tunawapikia pilau, biriani, visheti, halafu tunawapa soda, halafu mwezi wa pili tunachanga hela ya hospitali. Sikutaka kuhutubia mtu siku ya sikukuu. Nikaweka tu jagi pembeni, anayetaka achukue.

Na nisije nikajidanganya pia. Sharubati bila sukari bado ina sukari ya matunda, na tunda likishakamuliwa sukari yake inaingia mwilini haraka kuliko ukilitafuna. Mjomba nilimpa glasi ndogo, choya nyingi, maji kidogo, na vipande vya nanasi vichache. Akanywa pamoja na chakula. Alipoomba ya pili nikamtilia maji ya choya na ndimu matupu, akasema hii ya pili ni kali zaidi, yaani bora.

Habari ya barafu nayo ina mambo yake. Barafu ya kuingia ndani ya ndoo niliigandisha mwenyewe kwa yale yale maji ya maganda, kwenye vikopo vya majarini, ili ikiyeyuka isipoozeshe ladha. Donge kubwa linayeyuka taratibu kuliko vipande vidogo, na likitiwa vipande vya chungwa na majani ya nanaa kabla ya kuganda, linakuwa pambo. Kuna kijana wa ukoo alitaka kuniokoa, akaja na gogo la barafu kutoka soko la samaki. Nikamshukuru kwa dhati, nikalivunja ndani ya beseni na ndoo nikaikalisha juu yake. Barafu ya samaki ikae nje, inapoza vizuri tu. Ikiingia ndani, maji yake hayajui yametoka wapi, na harufu ya changu haijifichi.

Umeme ulikatika saa saba, kama ilivyo ada yake watu wakiwa wengi. Beseni likatuvusha mpaka alasiri.

Bibi aliletewa glasi ya kwanza kama nilivyoahidi. Akanusa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Akanywa. Hakusema kitu, akanyoosha mkono kuonyesha jagi la shira, akajitilia vijiko vitatu. Bibi ana miaka yake na sukari yake iko sawa, simgombezi. Baba mkwe wa kaka, mzee wa Kibosho aliyezoea mbege, ile pombe ya ndizi, sikukuu, alikunywa akasema inafanana na kitu anachokijua ila imefika mapema. Kaka akacheka peke yake. Sisi wengine tukajifanya tunagawa sahani.

Kwa hesabu ya glasi za robo lita, lita kumi ni watu arobaini mara moja, au ishirini mara mbili. Kwetu iliisha kabla ya visheti kuletwa. Chini ya ndoo vilibaki vipande vya embe na nanasi vilivyolowa viungo, watoto wakavigombania kwa mikono, kwa hiyo ugomvi haukuisha, ulihamia kwingine.

Wifi anataka vipimo avipeleke Moshi mwakani. Nimemwambia kule nanasi atanunua la safari kwa hiyo anuse kitako kweli kweli, na asipopata choya atumie pasheni, lakini apunguze ndimu maana pasheni ni chachu tayari. Kwa Idi mimi nafikiria kubadilisha: ukwaju badala ya machungwa, tangawizi zaidi, shira pembeni vile vile. Shangazi ameshatangaza kwamba Idi ndoo ataishika yeye.