Vipele vya kuzunguka mdomo: kumbe mchawi alikuwa tyubu

Masasi kila mtu ni daktari wa ngozi, nimelijua hilo tangu vipele viniote mdomoni. Muuza samaki aliniambia ni fangasi. Shangazi akasema ni salfa ya mikorosho, kwa kuwa msimu wa kupuliza ulishaanza na nyumba yetu imepakana na shamba. Shoga yangu akaniletea limau. Limau usoni, kwa jua hili!

Duka la dawa wakanipa tyubu ya elfu mbili tatu hivi, ile iliyochanganywa dawa ya fangasi, ya bakteria na betamethasoni, yaani steroidi ya kutuliza ngozi iliyovimba. Mwanzoni niliisifia kwa watu. Vipele vilinywea, ngozi ikalainika, nikaenda harusini na kupiga picha bila wasiwasi. Nikiacha kupaka, vinarudi na ndugu zao. Nikipaka, vinatulia. Mwishowe tyubu ikawa haitoki kwenye pochi.

Aliyenifumbua macho ni tabibu wa ngozi, mmoja wa wale waliosomea hospitali ya KCMC, Moshi. Alinisogeza dirishani, akaniambia niwashe kamera ya simu nijitazame. Vipele vimeuzunguka mdomo wote, ila pembeni kabisa ya midomo kuna kaukanda kembamba, kasafi, hakana hata kipele kimoja.

"Umeona, mama? Fangasi ingechora duara lenye ukingo ulioinuka. Chunusi zingekuwa na vile vidoa vyeusi. Haya niambie, unapaka nini?"

Nikaitoa tyubu. Akacheka.

Kumbe betamethasoni usoni hutuliza kwa muda tu, na vipele vya aina hii ndiyo chakula chao. Akasema niache krimu zote, akaniandikia doksisaiklini, dawa ya kumeza ya jamii ya antibiotiki, akanionya kwamba vitafumuka kwanza ndipo vipoe. Vitafumuka? Niliumuka kama andazi! Na kwa kuwa najijua, tyubu nilishaitumbukiza kwenye choo cha shimo, nione nani ataifuata usiku. Dukani kwangu nikawa najitanda mtandio hadi puani, wateja wakadhani nimeokoka upya.

Doksisaiklini meza na maji mengi na usilale papo hapo, inachoma koo. Jua nalo linakuunguza kuliko kawaida, kwa hiyo mwavuli. Mwenye mimba aseme mapema, haimfai. Usoni ni maji matupu. Ilichukua wiki kadhaa, msitegemee siku mbili.

Juzi jirani kaniuliza ile tyubu inaitwaje, binti yake ana vipele. Nikamwambia jina limenitoka, ampeleke hospitali.