Mstari uliokosekana: nilivyosafisha jina langu baada ya kipimo cha bangi

Mwaka 2018 niliitwa kwenye usaili wa udereva wa basi la wafanyakazi wa mgodi mmoja upande wa Geita. Nilikuwa nimesota na daladala za Kirumba miaka sita, na mshahara ule ungetosha kusomesha watoto wangu wawili. Usaili ulikwenda vizuri. Kikabaki kipimo cha afya, kwenye kliniki moja hapa Mwanza.

Nilipewa kikombe, nikaenda chooni, nikarudi na mkojo ungali wa moto. Mhudumu akaangalia kibandiko cha joto ubavuni mwa kikombe, maana mkojo uliotoka mwilini sasa hivi husoma kati ya nyuzi 32 na 38. Akamimina kwenye vichupa viwili, nikatia sahihi juu ya lakiri ya kila kimoja. Katika uliobaki kikombeni akachovya kipimo cha haraka.

Niseme jambo ambalo mwaka ule nilikuwa nalificha hata kwa ndugu zangu. Ninaishi na VVU, na nilianza dawa 2014. Siku nilipopimwa VVU, mistari miwili ndiyo iliyonimaliza nguvu. Kwa hiyo nilipoona pale penye bangi pana mstari mmoja tu, moyo ulitulia. Nikainua macho, nikamkuta mhudumu amekunja uso.

"Kaka, bangi umevuta lini mara ya mwisho?"

Sijawahi kuvuta bangi maishani. Nilimwambia hivyo, akajibu kwamba kila mtu husema hivyo hivyo, akaandika kwenye fomu. Nilitoka pale miguu haina nguvu.

Jioni jamaa yangu akanishauri ninywe lita nne za maji yenye ndimu, kisha niombe kupimwa upya. Namshukuru Mungu sikumsikiliza. Maabara hupima pia kreatinini, taka ya mwili inayotoka na mkojo, na ikishuka chini ya miligramu 20 kwa desilita, na mkojo wenyewe ukiwa mwepesi mno, wanaandika kwamba umezimuliwa. Ningeonekana mtu anayeficha kitu. Usiku kucha nilikuwa nawaza vijana wanaovuta kule Mwaloni ninapopakia abiria wa alfajiri, labda moshi wao ndio ulionichafua.

Kesho yake nikaenda CTC, kliniki ninakochukulia dawa za VVU. Dokta wetu pale alikuwa mama mmoja mtaratibu. Aliniacha nimalize kueleza, kisha akauliza, "Baba, usiku unameza nini?"

"TLE, dokta."

"Basi hiyo E ndiyo inayokusingizia."

TLE ni kidonge kimoja cha VVU chenye dawa tatu, na E yake ni efavirenzi. Wengi tulioitumia tunaikumbuka kwa kizunguzungu na ndoto nzito, ndiyo maana tulikuwa tunameza wakati wa kulala. Akachukua karatasi, akanichorea. Ini likishaivunja THC, yaani kilevi cha bangi, hutoka asidi fulani inayoshuka na mkojo. Kipimo cha haraka kina kingamwili zenye rangi zinazotafuta asidi hiyo. Zisipoikuta, husafiri mpaka kwenye mstari, zikanasa pale, na mstari ukaonekana. Zikiikuta, zinashikwa njiani, mstari haujitokezi. Kwa hiyo mstari ukikosekana, ndipo mtu anapohesabiwa ana bangi. Kinyume kabisa na kile cha VVU.

Sasa efavirenzi nayo ini huivunja, na mabaki yake kwenye mkojo huweza kuzihadaa kingamwili za baadhi ya vipimo. Si vyote, inategemea aina ya kipimo. Alinitajia pia pantoprazoli, dawa ya asidi ya tumbo, kwamba nayo imewahi kuleta majibu ya namna hiyo. Kuhusu moshi wa Mwaloni alinituliza: kipimo kile huhesabu kuanzia nanogramu 50 kwa mililita, na mtu aliyepita tu mahali pa wazi penye moshi hafiki huko.

Nilimwambia hofu yangu halisi. Nikitaja dawa, nimetaja ugonjwa, na ajira imekwenda na siri imekwenda. Akanikumbusha kwamba sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri yangu, halafu akaniandikia barua ya mistari mitatu isiyotaja jina la dawa wala ugonjwa. Nikaipeleka ndani ya bahasha iliyofungwa kwa daktari wa kampuni, pamoja na ombi langu kwamba kichupa cha pili kipimwe kwa GC-MS, mashine ya maabara ya kuthibitisha majibu. Ofisa ajira alitaka kuifungua. Nikamwomba kwa heshima ampe daktari mwenyewe, na nilisimama pale mpaka ikapokelewa.

Kichupa kilipelekwa Dar es Salaam. Gharama nilikopa kwenye kikoba cha mke wangu. Mashine ile haitegemei kingamwili. Mkojo hutiwa alkali ili asidi itengane na kile ini ilichoifungia, kisha mashine huipasua na kutambua kila kipande kwa uzito wake, kwa hiyo kitu kinachofanana tu hakipiti. Kiwango chake ni nanogramu 15. Baada ya siku kumi na moja, simu ikaita nikiwa stendi: haikuonekana.

Wiki iliyofuata nilivuka kivuko cha Kigongo–Busisi, enzi hizo daraja halijajengwa, kwenda kuanza kazi.

Mwaka 2019 tulianza kuhamishiwa TLD, yenye dolutegraviri badala ya efavirenzi. Lakini wapo walioendelea na dawa ya zamani, na wapo wanaotibiwa tumbo. Wakiniuliza, ninawapa maneno ya barua ile kama yalivyo: "Mgonjwa wangu anatumia dawa halali inayojulikana kuingilia kipimo cha haraka cha bangi. Naomba sampuli ileile ithibitishwe kwa GC-MS kabla ya uamuzi wowote. Kwa maelezo zaidi, daktari wenu awasiliane nami, kwa ridhaa ya mgonjwa."