Maleleji ya Minnetonka

Leo tumeaga barafu. Naandika baada ya tarawehe, viatu vyangu bado vinachuruzika maji pale mlangoni, kwa sababu nataka siku hii ibaki kama ilivyokuwa kabla usingizi haujaipunguza.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu aliyezaliwa Ukerewe, na jirani yetu wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu ambaye sote wawili tumezoea kumwita Mzee, naye ameshajua uzito wa neno hilo na huliitikia. Ni yeye aliyetufundisha uvuvi huu wa kutoboa barafu ya ziwa miaka sita iliyopita, alipotukuta tumesimama dirishani mwezi wa Januari kama watu waliofungwa, akatuambia kwamba majira ya baridi ya Minnesota, jimbo hili la Marekani tunaloishi, humwelemea yule tu anayeyasubiri yapite. Tangu hapo tumekwenda naye kila mwaka, na kila mwaka siku ninayoingoja kuliko zote ni ya mwisho.

Ziwa letu ni Minnetonka, lililo magharibi ya Minneapolis. Jina lake linatokana na lugha ya Wadakota, nalo maana yake ni maji makubwa, ingawa mtu anayelitazama kutoka sehemu moja hauoni ukubwa huo, kwa kuwa ni ziwa la ghuba nyingi zilizounganishwa kwa mifereji myembamba, na ufuko wake ukipimwa wote unafika kama kilomita 200. Penye mfereji pana mkondo, na penye mkondo barafu haiaminiki hata katikati ya Januari. Hilo ndilo somo la kwanza tulilopewa, na Mzee hajaacha kulirudia hata leo, kila tunapoteremka garini.

Katikati ya Machi ziwa hili huwa limebadilika sura. Sheria ya jimbo inataka vibanda vya wavuvi katika sehemu za kusini viondolewe mwanzoni mwa mwezi, kwa hiyo ule mji mzima wa mbao na turubai uliokuwa juu ya maji wakati wa Krismasi haupo tena. Zimebaki alama za mraba, vipande vya magogo vilivyogandia, na njia za magari ambazo sasa zimekuwa vijito. Walleye, samaki anayeheshimiwa kuliko wote huku, msimu wake hufungwa katika maziwa mengi mwishoni mwa Februari, na tarehe 1 Machi kila mvuvi anatakiwa awe na leseni mpya. Wengi hukunja vyombo vyao hapo. Wanaobaki ni wachache, na wanachokifuata ni samaki wadogo wa ghubani: crappie, mwenye ubavu wa rangi ya fedha uliotapakaa madoa meusi, na bluegill, ambaye shemeji alipomwona mara ya kwanza alimwita perege bila kusita.

Tulifika saa mbili asubuhi, kwa kuwa usiku ulikuwa wa baridi kali na barafu ya Machi huwa na nguvu zake zote asubuhi. Ukingoni maji yalikwisha kuachana na nchi kavu, mwanya wa kama hatua moja, basi tukalaza ubao tuliokuja nao na kuvuka juu yake mmoja mmoja. Mzee alitangulia na mtaimbo, akigonga mara mbili kila baada ya hatua chache na kusikiliza. Tukamfuata kwa kuachiana nafasi, kila mmoja akiwa na vyuma vya meno chini ya viatu na ile misumari miwili yenye vishikio vya mbao ikining'inia shingoni, ambayo mtu akitumbukia huichoma kwenye barafu ili ajivute nje. Shemeji alikuwa wa mwisho, naye ndiye aliyebeba kamba.

Nilipotoboa tundu la kwanza kwa keekee, Mzee alipiga magoti akateremsha rula yake. Barafu ilikuwa inchi 18, yaani sentimita 46, lakini karibu sentimita 18 kati ya hizo, zile za juu, zilikuwa barafu nyeupe, ile inayotokana na theluji iliyolowa ikaganda upya, na yeye hiyo huihesabu nusu. Kwa barafu mpya iliyo angavu, sentimita 10 zinatosha kumbeba mtu anayetembea, kwa hiyo kwa hesabu tulikuwa salama mara nyingi. Lakini Mzee haamini hesabu mwezi wa Machi, na sasa naelewa ni kwa nini. Barafu ya mwisho wa msimu haipungui unene kwanza. Inaachana ndani kwa ndani, inakuwa vijiti vilivyosimama wima kama mishumaa iliyopangwa kwenye sanduku, na jua likipenya katikati yake kile kilichokuwa jiwe moja kinakuwa maelfu ya vipande vilivyoegemeana tu. Niliokota kipande kilichotoka tunduni nikakiminya kwa glavu. Cha chini kilinikatalia. Cha juu kilivunjika kiganjani kikawa sindano.

Na hapa ndipo penye jambo ambalo nimekuwa nikilitafakari tangu mchana. Kinachoidhoofisha barafu ndicho kinachowaleta samaki. Wakati wote wa baridi theluji hufunika ziwa, mwanga haufiki chini, majani ya majini yanakufa na kuoza na kula hewa iliyomo, hivyo samaki hukimbilia vilindini na kutulia huko, wakila kwa kujilazimisha. Theluji ikishayeyuka mwanga unarudi, na maji ya juu yanamiminika kupitia matundu na nyufa yakiwa yamebeba hewa mpya, wadudu wa matopeni wanaanza kuamka, na samaki wanarejea ghubani, kwenye maji ya mita mbili au tatu tu. Leo niliona maji hayo kwa macho yangu, yakizunguka polepole pembeni mwa tundu langu kabla ya kuzama. Nilijua kwamba kila tone linalowaita samaki chini yangu limetoka kwenye sakafu niliyokuwa nimeikalia.

Hadi saa tano hapakuwa na kitu. Kisha walikuja. Fimbo zetu ni fupi, hazifiki hata mita, na mwishoni zina kiwaya laini kinachoinama kwa uzito wa ndoana ndogo yenye risasi kichwani, iliyotiwa buu la nondo. Babu yangu kule Pangani alinifundisha kuuweka mshipi juu ya kidole cha shahada na kungoja changu avute. Chubwi ikishafika chini, mkono ndio unaoona. Crappie hafanyi hivyo. Yeye hula akitazama juu, hukipanda chambo kutoka chini yake, kwa hiyo anapokitia mdomoni kiwaya hakiinami, bali kinanyanyuka, mshipi unalegea, na mtu aliyezoea bahari anadhani hakuna kitu. Ilinichukua misimu miwili kuamini kwamba kulegea ni habari. Leo kiwaya kiliponyanyuka kwa unene wa ukucha, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Hata hivyo haifai kumvuta kwa nguvu, kwani mdomo wake ni mwembamba kama karatasi na hupasuka. Nilimpandisha taratibu, akatokeza tunduni amepanua mapezi yote, na kwa sekunde moja kabla sijamshika, jua lilipita ndani ya pezi lake la mgongo nikaona kila mwiba na kila doa.

Kufikia saa saba kasorobo tulikuwa na samaki 14 kwenye ndoo, ilhali sheria inaruhusu crappie 10 kwa kila mtu, na kila tulipoteremsha mshipi ulirudi na kitu. Hapo ndipo upepo ulipogeuka. Asubuhi ulitoka kaskazini magharibi, mkavu. Sasa ulikuja kutoka kusini, wenye unyevu, ukiwa na harufu ya udongo ambayo sikuisikia tangu Novemba. Nikawaeleza kwamba kwetu pwani nako majira haya kaskazi inakata, yanaingia maleleji, bahari inalala kwa muda, na wazee wanaanza kusema habari za kusi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akagonga barafu kwa mtaimbo, akagonga tena mahali palepale, kisha akasema tufungashe.

Sikutaka. Nakiri kwamba sikutaka hata kidogo, na sikuona tofauti yoyote katika mlio ule. Nilimgeukia mwenzangu nikamwambia kwa Kiswahili, "Shemeji, tumwombe nusu saa tu. Wanakula sasa hivi."

Naye, ambaye ujana wake ulikuwa wa kuvua dagaa kwa karabai usiku wa giza na anajua ni majirani wangapi hawakurudi, alikuwa amekwisha kuanza kukunja mshipi wake. "Shemeji," akanijibu, "huyu ndiye nahodha wetu. Nahodha akisema turudi, hatuulizani."

Tukarudi kwa nyayo zetu zilezile, na nyayo hizo zilikwisha kujaa maji. Tulipofika ukingoni ule ubao uliokuwa na ncha zote mbili mahali pakavu asubuhi sasa ulikuwa umeshikilia kwa kiganja tu upande wa ziwa. Mzee alitutanguliza sisi wawili. Yeye alipovuka, barafu chini ya ubao ilizama kidogo, bila sauti, na maji yakampanda hadi vifundoni kabla shemeji hajamshika mkono. Hakuna aliyesema neno. Nilikumbuka ile nusu saa niliyotaka kuomba, na hadi sasa naikumbuka. Tukaswali Adhuhuri papo hapo ufukoni juu ya turubai, naye Mzee akatungoja garini. Birika lake la kahawa alikuwa ameliacha nyumbani makusudi, kama alivyofanya kila Jumamosi ya mfungo huu, ingawa hatukupata kumwomba.

Samaki niliwapara mwenyewe. Magamba ya crappie ni madogo, yanaruka na kushika ukutani yakikauka, na mke wangu amenionesha mawili ambayo sikuyaona. Aliwapika kwa tui zito na ndimu, pilipili kidogo, na Mzee akaja kufuturu nasi saa moja na robo.

Baada ya kula alitoa daftari lake. Limechakaa, jalada lina alama za vidole, na ndani yake kila mwaka una mstari mmoja wa siku ya mwisho: tarehe, unene wa barafu, idadi ya samaki, upepo. Siku hizi mkono wake unatetemeka, basi akanipa penseli niandike mimi. Nikaandika tarehe, inchi 18, samaki 14. Kwenye upepo nikaanza kuandika kwa Kiingereza, akanizuia, akaniuliza babu yangu angeuitaje. Nikaandika kusi. Akalitamka mara mbili, polepole, akataka kuhakikisha herufi ya pili, kisha akalifunga daftari na kuliweka mfukoni mwa koti pamoja na rula yake.